Kampuni isiyomiliki kitu

Kuna karatasi moja ambayo mpaka leo sijui niipende au niichukie. Ni ya Factory Records, lebo iliyoanzishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1978 na Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni, pamoja na Alan Erasmus. Ilisema kwamba kila kitu ni mali ya wanamuziki, kampuni haina chake. Basi. Kwa msanii aliyewahi kusaini mkataba asiouelewa, na wako wengi, huyu Wilson ni walii.

Nami niliona hivyo, mpaka nikafika 1992. Madeni yamefika shingoni, London Records wanataka kuinunua lebo, wanauliza: mnauza nini hasa? Hamna. Rekodi za Joy Division na New Order si zao. Ikafilisika. New Order, ambao pesa zao zilikuwa zikimezwa na klabu ya Haçienda tangu 1982, angalau walibaki na nyimbo zao. Je, karani wa ofisini? Mchapaji anayedai? Karatasi haikuwataja hao. Kugawa chako ni ukarimu. Kugawa huku unakopa, sijui tukuiteje.

Ila ningekuwa mpiga gitaa Manchester miaka ile, ningesaini palepale.