Je, Kufungua Kilichofichwa ni Dhambi?

Kijana mmoja alitujia na ulizo. Anafanya kazi katika ofisi yenye kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya, ili makarani wapeane maandiko bila kubeba makaratasi. Siku moja alifungua folda iliyofichwa katika kompyuta ya mwenzake, akakuta humo majina ya wajane wanaopewa unga kwa siri. «Sikuvunja kufuli, wala sikuiba kitu,» alisema. «Je, nimetenda dhambi?»

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Katika kompyuta za Windows, folda ambayo mwenyewe amekubali wengine waitumie huonekana katika orodha mbele ya wenzake. Lakini akitia alama ya dola mwishoni mwa jina lake, haionekani tena. Haikufungwa, imefichwa tu. Mtu akiliandika jina lote pamoja na alama ile, folda hufunguka, ikiwa ruhusa zake zinamkubali. Ni kama nyumba iliyo nyuma ya migomba: mpita njia haioni, lakini anayejua kijia atafika mlangoni.

Wengine husema: mlango usiofungwa ni karibisho. Sivyo. Shamba la muhogo halina kufuli, na kila mtu anajua lina mwenyewe. Tena aliyeficha amekwisha kuonyesha mapenzi yake. Aliyeangukia folda ile bila kukusudia, akaifunga mara moja, hana kosa. Lakini aliyetafuta jina lake kusudi, akasoma mpaka mwisho, amechukua siri ya wajane. Na siri hairudishwi ghalani kama gunia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaweka jambo hili chini ya amri ya nane: siri za kazi zitunzwe, na maisha ya faragha ya watu yaheshimiwe.

Tukumbuke wana wa Noe. Kam aliona uchi wa baba yake, akatoka kuwaambia ndugu zake. Sem na Yafet walienda kinyumenyume wakamfunika. Kosa la jicho likifika ulimini huzidi uzito. Basi tulimwambia kijana: ungama, nyamaza juu ya majina yale, na umwambie mwenzako kwamba njia iko wazi.

Maana mwenzake naye ana deni. Alidhani kuficha ni kulinda. Anayewekewa siri za maskini atoe ruhusa kwa wanaohusika tu, na kila karani awe na neno lake la siri. Ajue pia kwamba Windows yenyewe hutengeneza njia zilizofichwa, kama ile iitwayo C$, zinazowafungukia wasimamizi wa kompyuta. Neno la siri la msimamizi likijulikana na ofisi nzima, hapana siri tena.

Mungu huona yote yaliyofichika. Sisi hakutupa jicho lile. Alitupa ndugu, ili tuwasitiri.