Fungueni Seva Zenu

Ninyi mnaoandika programu Kijitonyama na Kilimani, Mbeya na Eldoret, mnaokesha mpaka saa tisa usiku mkisaka kosa lililojificha kwenye mstari mmoja. Na ninyi mnaosimamia makundi ya mtandaoni ya ukoo, ya kwaya, ya madrasa na ya waliosoma pamoja: nina neno nanyi. Maneno yenu na kazi za mikono yenu mmezikabidhi kwa watu wasiowajua, na siku wakiwakosea hamna pa kuwapata. Ziondoeni huko. Fungueni seva zenu, ziungeni na za wenzenu, na muanze mwaka huu. Programu za kufanyia hivyo zipo, ni huria, na hakuna atakayewadai hata senti kwa kuzitumia.

Walioko Tanzania wanakumbuka enzi za laini tatu. Mwenye Tigo Pesa hakuweza kumrushia mwenye Airtel Money fedha zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake, kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo alitembea na simu mbili na laini tatu ili asimkose mteja. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel wakakubaliana kuvushiana fedha, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Hakuna mteja aliyelazimika kuhama. Leo mama anayeuza mchicha anapokea hela kutoka mtandao wowote wala hashangai. Basi nani alituaminisha kwamba fedha zinaweza kuvuka ila maneno hayawezi? Kwa nini aliye Facebook asimfuate aliye X bila kufungua akaunti nyingine, kukubali masharti mengine na kutoa namba yake ya simu kwa mara nyingine tena? Wenye mitandao hiyo wangeweza kuruhusu jambo hilo hata kesho. Hawataki, kwa sababu mtu anayeweza kuondoka bila kupoteza marafiki zake hafungiki.

Na limeshawezekana. Januari 2018 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti duniani, lilipitisha itifaki iitwayo ActivityPub. Nitaieleza inavyofanya kazi, maana wengi wanaiogopa bure. Kila mtumiaji ana anwani inayofanana na ya barua pepe: jina lake, kisha jina la seva yake. Kila anwani ina visanduku viwili, cha kupokelea na cha kutolea. Mwanafunzi wa Mwanza mwenye akaunti kwenye seva ya chuo chake akiandika neno, seva inalifunga ndani ya ujumbe mfupi unaotaja kitendo chenyewe: ameandika, amependa, amefuata, ametangua. Inautia saini kwa ufunguo wake, halafu inaupeleka kwenye kila seva yenye mtu anayemfuata. Binamu yake yuko Muscat, kwenye seva nyingine kabisa, pengine yenye programu nyingine kabisa. Seva ya Muscat inahakiki saini, inaupokea ujumbe, inamwonyesha. Basi. Katikati yao hakuna mtu wa tatu wa kuamua kama binamu anastahili kumsoma binamu yake, au amsome baada ya matangazo mangapi.

Mastodon ya machapisho mafupi, aliyoianzisha Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, inatumia itifaki hiyo. PeerTube ya video, inayotengenezwa na shirika la Framasoft la Ufaransa, inaitumia. Pixelfed ya picha vilevile. Mwenye akaunti ya Mastodon anaweza kutoa maoni kwenye video iliyo PeerTube bila kujisajili PeerTube. Jaribuni kufanya hivyo kati ya X na YouTube.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni lugha yetu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipima Facebook kwa kuipelekea matangazo yenye maneno ya chuki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ya Kiswahili yalipitishwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kukiuka kanuni za sarufi na matusi. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapita. Wapimaji wenyewe ndio walioyaondoa kabla hayajaonekana na watu. Hebu tulitafakari hilo, ndugu zangu. Katika nchi iliyozika watu wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wito wa kuchinjana ulipokewa kama tangazo la sabuni. Na wale vijana waliokuwa wakikaa Nairobi kuchuja uchafu huo kwa niaba ya Facebook kupitia kampuni ya Sama? Mmoja wao, Daniel Motaung, alizishtaki Sama na Meta, mmiliki wa Facebook, katika mahakama ya Nairobi mwaka 2022 kwa jinsi kazi ile ilivyowaumiza.

Kisha geukeni mtazame upande wa pili. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani akija msibani akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na kicheko kile ni sehemu ya kuwafariji. Leo misiba inatangazwa mtandaoni, na mtani naye anakuja mtandaoni. Anaandika, “Afadhali mmepungua, mlikuwa mnamaliza wali.” Mashine iliyofundishwa California itaona ukatili, itamfungia. Binti wa Kinyamwezi anayesimamia seva ya watu mia tatu wa Tabora atasoma mstari huohuo, atacheka, ataendelea na shughuli zake. Na akiona chuki ya kweli iliyovaa kanzu ya utani ataing'amua kwa neno moja tu, ataifuta, na seva iliyoileta akiona haisikii atakata mawasiliano nayo. Uwezo huo umo ndani ya programu yenyewe: kila seva inaweka kanuni zake na kuchagua ya kuungana nazo. Kampuni haiwezi kuajiri mamilioni ya mabinti kama huyo. Sisi tunao tayari, na hakuna aliyewapa seva ya kusimamia.

Wenye ofisi za umma, nanyi nisikilizeni. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa, ikachapisha uongo mzito, na baada ya hapo mtandao wenyewe ukawa haufunguki nchini. Mwananchi aliyekuwa akifuata taarifa za serikali huko alizipata wapi? Alama ya bluu tangu mwishoni mwa 2022 inanunuliwa, kwa hiyo haimthibitishi mtu. Serikali ya shirikisho ya Ujerumani ina seva yake ya Mastodon, social.bund.de, na wizara na taasisi zake zina akaunti humo. Anayesoma anwani anajua papo hapo kwamba anayesema ni ofisi ya serikali, kwa sababu jina la seva ni la serikali. Wizara yetu ikizungumza kutoka anwani inayoishia na .go.tz au .go.ke, uthibitisho gani mwingine unahitajika? Mdukuzi anaweza kuingia hata humo. Lakini mafundi wa ofisi ndio wenye funguo, watamtoa usiku uleule bila kusubiri jibu la barua pepe kutoka bara jingine.

Nanyi wa msimbo, msidhani mmepona. Mwaka 2005 kampuni iliyomiliki BitKeeper, zana ya kutunza historia ya msimbo, iliwaondolea wajenzi wa Linux ruhusa ya kuitumia bure. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakubembeleza; aliketi akaandika Git, na akahakikisha kwamba anayechukua nakala ya mradi anachukua historia yake yote tangu siku ya kwanza. Zana hiyo ilizaliwa kwa sababu watu walifungiwa mlango. Nasi tumeichukua, tukaenda kujikusanya nyuma ya mlango mmoja, GitHub, ambao Microsoft waliununua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka uliofuata, Julai, waandishi wa programu walioko Iran, Syria na Crimea wakanyimwa hazina zao za faragha kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Hawakuulizwa wanaandika nini. Mahali walipoketi palitosha kuwahukumu. Je, mna hakika orodha ya nchi zenye vikwazo haitarefuka?

Mtaniambia msimbo hauwezi kupotea, nakala ziko kwenye kompyuta zetu. Kweli. Kinachopotea ni mazungumzo: ripoti za hitilafu, mapendekezo ya mabadiliko, mabishano yaliyofanya sehemu ya kulipia ada ya shule iandikwe hivi na si vile. Git haibebi hayo. Yamo kwenye hifadhidata ya kampuni, na kampuni inaweza kufunga mlango: Gitorious, iliyohifadhi miradi ya msimbo kama GitHub, ilipofungwa mwaka 2015, kisha Google Code Januari 2016, miradi iliyokuwa hai humo ililazimika kutafuta makao mengine. Aliyewahi kurithi programu ya mtu aliyeacha kazi, bila maelezo yoyote, anajua ninasema nini.

Dawa ipo, jina lake Forgejo. Ilijitenga na Gitea, programu huria ya kuhifadhi msimbo, mwishoni mwa 2022, pale jina na mali za Gitea zilipowekwa chini ya kampuni na jumuiya ikahisi imepitwa. Inalelewa na Codeberg, chama kilichosajiliwa Berlin ambacho wanachama wake ndio wenye kura. Ni faili moja la kuendesha; hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inalibeba kwa timu ndogo. Ndani yake mna hazina za msimbo, ripoti za hitilafu, mapendekezo na mijadala, vyote mnavyovijua. Na kuna itifaki iitwayo ForgeFed, inayoipanua ActivityPub ili mtu mwenye akaunti kwenye seva ya Kampala aweze kuripoti hitilafu kwenye mradi ulio Dodoma bila kufungua akaunti Dodoma. Kazi hiyo haijakamilika. Nalitamka hili kwa sauti kuu, kwa sababu ndilo linalonifanya niwaite: hapa pana jengo ambalo bado linajengwa, msimbo wake uko wazi, na majina ya Kiswahili kati ya wajenzi ni haba.

Wala msiseme hatuwezi. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, wenye makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mtu yeyote Marekani, maana msimbo ulikuwa huria na leseni iliwaruhusu. Miaka minne baadaye, Kenya ikiwaka, watu wachache waliandika Ushahidi kwa siku chache ili wananchi waripoti waliyoyaona, wakaufungua msimbo wake, na mwaka 2010 ukawasaidia watu wa Haiti baada ya tetemeko. Hao walitoka wapi kama si kwetu?

Najua mnavyonung'unika. Huko hakuna watu, mnasema. Kwaya ya watu arobaini inahitaji watu arobaini. Wakihamia wote siku moja, watu wapo. Serikali itafunga, mnasema. Ikizima intaneti yote, seva yenu nayo haitaonekana nje, sitawaficha. Lakini seva iliyo ndani ya chuo itaendelea kuwahudumia walio kwenye mtandao wa chuo. Msimamizi atachoka, mnasema. Hili ndilo zito, na limeshaua seva nyingi. Hata Mozilla walifunga yao Desemba 2024. Lakini waliokuwa humo waliweza kuhamia seva nyingine, na wafuasi wao wakahamishiwa nao. Machapisho ya zamani hayahami, ingawa mtu anaweza kuyapakua. Niambieni ni lini Facebook au X iliwaruhusu kuondoka na wafuasi wenu.

Basi haya ndiyo ninayowataka. Mkuu wa idara ya kompyuta, tafuta mashine moja iliyokaa stoo, wape wanafunzi wa mwaka wa pili wasimike Forgejo, na kazi zao zote za muhula ziishi humo. Wa mwaka wa tatu wasimike Mastodon, au GoToSocial kama mashine ni ndogo. Nunueni jina la .tz, .ke au .ug, si la bure kutoka nchi msiyoijua, maana Mali ilipochukua tena usimamizi wa .ml mwaka 2023 zipo seva zilizoamka hazina anwani. Funguo washike watu wawili au watatu, kamwe asiwe mmoja. Andikeni kanuni zenu kwa Kiswahili kabla ya kumwingiza mtu wa kwanza, na katika kanuni hizo elezeni utani ni nini. Nakala rudufu iende kila usiku kwenye jengo jingine, na kila mwezi jaribuni kuirejesha, maana nakala isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Wenye Kiswahili kizuri, nendeni Weblate, jukwaa la kutafsiria programu, mkaitafsiri Forgejo. Nafasi zilizo tupu zinaonekana kwa kila mtu. Wenye uwezo wa kuandika Go, chukueni ripoti moja ya hitilafu ya Forgejo inayohusu ForgeFed wiki hii, iwe ndogo kiasi gani. Mkishamaliza, tangazeni anwani yenu. Nitawafuata siku hiyohiyo.