Msimwambie Asamehe Kabla Hajalipwa

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Mpeketoni, mama mmoja mkulima wa korosho alimfuata mzee wa kanisa kutaka ushauri. Alikuja na karatasi zake za kupokelea mzigo, zile nakala za rangi ya waridi anazobaki nazo aliyeleta bidhaa. Maandishi yamefifia, ila muhuri wa zambarau bado unasomeka, na sahihi ya karani wa stoo iko pale pale. Korosho alizibangua na kuzikaanga yeye na binti zake, wakazitia kwenye pakiti, zikapanda basi hadi Mombasa, na supamaketi ikazipokea. Kisha supamaketi ikafungwa. Mpaka leo hajaona hata shilingi. Mzee alimsikiliza kwa upole, akamwambia, "Mama, samehe. Mwachie Mungu." Mama akaitikia amina, akazikunja karatasi zake, akaenda zake.

Amina ile imenikaa rohoni wiki nzima.

Huku Lamu hatukuwahi kuwa na supamaketi ya Nakumatt, lakini nani hakuijua? Aliyesafiri Mombasa alipitia tawi la Nyali au la Likoni, akashuka jeti ya Mokowe na mifuko yake, na kila mtu akaona alikotoka. Lilikuwa duka lililoanzia Nakuru likiuza magodoro, likakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu. Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaolidai wakapiga kura lifilisiwe, likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa imeshaonja hayo mwaka 2006. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo, ndugu wa familia moja wakiwa wamevutana mahakamani kwa miaka.

Sitaki kumsingizia mtu tamaa kwa kila lililotokea. Tawi la Nakumatt la Westgate, Nairobi, liliharibiwa katika shambulio la kigaidi la Septemba 2013, msiba uliochukua roho za watu 67, na hakuna mfanyabiashara anayeweza kujipanga kwa jambo kama lile. Lakini tazama namna supamaketi kubwa zilivyozoea kufanya kazi. Bidhaa inapokelewa leo. Mteja anailipia taslimu pale kaunta. Mwenye bidhaa anaambiwa asubiri siku 60, siku 90, na zikiisha anaambiwa mkubwa wa malipo hayupo. Fedha ile iko wapi muda wote huo? Imelipa kodi ya jengo jipya na taa za tawi jipya. Mauzo yakishuka, anayeumia kwanza ni yule aliyeleta mzigo kwa kuamini muhuri. Duka likifa, sheria inaanza na mwenye dhamana, yaani benki. Mfanyakazi ana sehemu yake. Mama wa korosho, asiye na dhamana yoyote ila karatasi, anasimama mwisho wa foleni, na mara nyingi mwisho huo hakuna kilichobaki.

Najua nitakavyojibiwa. Biashara ni biashara, Nakumatt haikuwa kanisa, na wenyewe hawakumwahidi mtu kuiendesha kwa Biblia. Sawa. Lakini mimi sizungumzi na mfilisi. Nazungumza na sisi tulioketi kwenye viti vya mbele, wenye maduka ya jumla, matrekta na vibarua, ambao wiki hii hii tuna mtu tunayemzungusha. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala nyumbani kwa tajiri hadi asubuhi. Yakobo anaandika kwamba mshahara uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika kwa Mungu. Wahubiri wetu wameyasoma hayo, ila nikikumbuka mahubiri ya kupanuliwa mipaka na kubarikiwa kapu na ghala, sikumbuki yaliyomwuliza mwenye ghala kama ameshawalipa waliolijaza.

Mwingine atanikumbusha kwamba Bwana mwenyewe alitufundisha kusamehe tunaowadai. Alitufundisha, na naamini. Ila katika ule mfano wa mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi, aliyesamehe alikuwa mfalme, na aliyesamehewa alikuwa mtu wa chini. Sisi tumeugeuza. Tunamtaka mdogo amsamehe mkubwa, tena kabla mkubwa hajaombwa alipe. Na Zakayo je? Yesu alipoingia nyumbani kwake hakutuma mtu kwa waliodhulumiwa awaambie wanyamaze. Zakayo mwenyewe alisimama akasema atarudisha mara nne. Msamaha ni mali ya huyu mama. Akiutoa, autoe mwenyewe, siku anayotaka. Kanisa halina ruhusa ya kuugawa kwa niaba yake. Kazi ya kanisa ni kumtafutia mwanasheria, kumwandikia barua, na kukaa naye kwenye benchi la ofisi hadi aitwe.

Dawa ya deni kulipa, na jirani zetu Waislamu wa kisiwani wanalijua hilo kuliko tunavyolionyesha sisi. Nimehudhuria mazishi yao Lamu mjini mara nyingi. Kabla ya maiti kwenda kuzikwa, mtu wa familia husimama mbele ya watu akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, deni litalipwa. Mwenye duka la Langoni anatangaziwa hivyo, na mvuvi pia. Sisi kwenye mazishi yetu tunasoma wasifu: shule alizosoma, ardhi aliyonunua, kamati alizoongoza, harambee alizochangia. Pale nyuma, chini ya mwembe, amesimama kibarua aliyemlimia msimu mzima, anasikiliza, na hakuna anayemwuliza neno.

Mimi nimeshawaambia wanangu. Siku yangu ikifika, wasifu usubiri. Asimame mmoja wao aulize nani ananidai, jina na kiasi viandikwe hapo hapo, na walipwe kabla haijanunuliwa saruji ya kaburi.