Mbegu za Wastoiko Zilizoota Shinyanga

Ukisoma Towards an African Narrative Theology, kitabu cha mapadri wa Maryknoll Joseph Healey na Donald Sybertz (Nairobi, 1996), utadhani falsafa yake yote imetoka kwa wazee wa Kiafrika. Sybertz alikaa miaka mingi Jimbo la Shinyanga akikusanya methali za Kisukuma pamoja na wenyeji. Mbinu yao ni rahisi tu: methali huku, Injili kule, halafu ziachwe ziongee. Ipo ile ya mtu aliyeonyeshwa nyota, yeye akaishia kutazama kidole. Tamu kweli. (Wabudha nao wanayo, ila wao husema mwezi. Sidhani kama kuna aliyemwibia mwenzake.)

Lakini kwa nini methali ya mkulima wa pamba ikae meza moja na Injili? Hapo ndipo ninapomwona mgeni aliyejificha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad Gentes ya 1965, ulitaja mbegu za Neno zilizofichika ndani ya mila za mataifa. Lugha hiyo ni ya Yustino Mfiadini, karne ya 2, naye aliiokota kwa Wastoiko, haohao waliokutana na Paulo kule Athene. Kwa Wastoiko, Logos hupenya kila kitu, hakuna kinachobaki nje. Yustino akalikata wazo hilo: kilicho chema ni mbegu, miungu ya wapagani ni kazi ya mashetani.

Huo mkato ndio unaonisumbua. Usukumani humohumo vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Kanda ya Ziwa hiyohiyo, hasa tangu 2007, watu wenye ualbino waliwindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati machimboni. Magugu hayo, tutasema. Sawa, lakini udongo je? Methali za ujirani zinafundisha kwamba uhai wangu uko mikononi mwa jirani. Anayemwogopa bibi wa jirani kaanzia palepale: kama anaweza kuniponya, basi anaweza na kuniua.

Ndiyo maana mahubiri ya Jumapili hayatoshi, na Jumatatu mchimbaji anarudi kwa mganga. Ningetamani mtu aliyekulia Geita, anayeijua duara na anayekijua kanisa, aiandike theolojia ya methali akianzia kwenye hofu hiyo.