Mjusi wa Tendaguru na Ndege wa Bavaria

Sisi watu wa Lindi hatumwiti kwa jina lake la kisayansi. Kwetu ni mjusi tu, mjusi wa Tendaguru. Tangu shule ya msingi tuliambiwa yuko Ujerumani, kama mtoto anavyoambiwa habari za mjomba aliyekwenda ng'ambo asirudi. Wabunge wa kusini wameuliza habari zake bungeni zaidi ya mara moja: atarudi lini, na wenyeji wanapata nini? Kwa hiyo nilipopata safari ya Berlin, nilijua nianzie wapi. Nilikwenda kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, ambayo ni taasisi ya utafiti wa mageuko ya viumbe na bioanuwai pia.

Yuko katikati ya ukumbi mkubwa, amesimama kwa miguu minne. Kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13 na sentimita 27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomzidi kimo. Nilisimama chini yake nikaona kwamba ubavu wake mmoja ni mrefu kuliko mimi. Alitembea katika ardhi ya Lindi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita.

Sitaki kudanganya: nilifurahi. Watoto walikuwa wakipiga kelele za mshangao, nami moyoni nilipiga za kwangu. Mwenyeji wangu, dada mmoja wa Kitanzania anayeishi Berlin miaka mingi, aliniangalia akacheka. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaliacha hadi leo.

"Kaka, hivi kweli unasema huyu ni wenu? Alipokufa hapakuwa na Tanzania wala Ujerumani. Hata binadamu hakuwapo. Kitu cha zamani namna hii kinaweza kuwa cha mtu?"

Swali hilo lina nguvu. Ukisimama katika jengo lile, mipaka ya nchi inaonekana kitu cha jana. Kuna ukuta mmoja uliojaa wanyama wa kila namna, maelfu ya aina, kutoka wadudu hadi ndege, wote wamepangwa pamoja kuonyesha wingi wa uhai duniani. Ukutani pale hakuna bendera. Sayansi ya mageuko inatuambia viumbe wote ni wa ukoo mmoja ukirudi nyuma vya kutosha. Sasa mtu wa Lindi anapata wapi ujasiri wa kusema, "Huyu ni wetu"?

Jibu nililipata chumba cha jirani.

Humo, nyuma ya kioo, yupo Archaeopteryx, kiumbe mdogo mwenye manyoya ya ndege na meno na mkia wa mjusi. Ni mmoja wa visukuku mashuhuri kuliko vyote, kwa sababu anaonyesha jinsi ndege walivyotokana na dinosaria. Alipatikana katika mawe ya chokaa ya Bavaria, na umri wake ni miaka ipatayo milioni 150. Yaani yeye na mjusi wetu ni wa zama moja.

Lakini angalia alivyofika Berlin. Jiwe lake lilipita mikononi mwa watu kadhaa, likiuzwa na kuuzwa tena, hadi tajiri Werner von Siemens alipotoa mark 20,000. Mwingine wa aina hiyo alikuwa ameshauzwa London, na Wajerumani hawakutaka huyu naye aondoke nchini. Hakuna aliyewaambia wale wauzaji kwamba ndege yule alikufa kabla ya kuwapo kwa Ujerumani, na kwa hiyo hana mwenyewe. Aliyekuwa na jiwe alilipwa, na taifa lililoogopa kulipoteza lilieleweka.

Mjusi wa Tendaguru hakununuliwa kwa mtu yeyote. Mhandisi wa Kijerumani, Sattler, aliiona mifupa mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha. Wachimbaji wa msafara wa Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walifika mwaka 1909, na kazi ikaendelea hadi 1913. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita na njaa iliyofuata, na makadirio mengine ya waliokufa yanafika watu 300,000. Serikali ya kikoloni ilitangaza eneo lile kuwa ardhi ya dola. Baada ya tangazo hilo hapakuwa na mtu wa kuulizwa bei.

Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo kwa mguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Walilipwa ujira wa vibarua, ndiyo. Lakini ujira wa kuchimba ni kitu kimoja, na haki juu ya kinachochimbwa ni kingine. Kila aliyewahi kulima shamba la mwenzake anaijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo umri wa mfupa haujibu swali la mwenyewe. Ungekuwa unajibu, ungejibu sawasawa katika vyumba vyote viwili. Tunachodai sisi hakitokani na mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita. Kinatokana na jambo lililofanyika juzi tu, miaka mia na kitu iliyopita, kati ya watu na watu. Dinosaria hana deni na mtu.

Majina nayo yanasema. Mjusi huyu anaitwa Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa Berlin akisaka fedha za msafara. Dinosaria mwingine wa Tendaguru, Elaphrosaurus bambergi, amebeba jina la mfadhili. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Yeye alikumbukwa mwaka 2007, dinosaria mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Ni jambo jema, nami nilifurahi kulijua. Ila mnyama huyo alitambulishwa kwa pingili mbili tu za shingo. Mkurugenzi alipewa jitu zima.

Nasema haya bila uadui na jengo lile, kwa sababu somo lake lenyewe ndilo lililonifundisha. Mageuko ya viumbe ni elimu ya nasaba. Kila kiumbe kinaulizwa: umetoka wapi, na umepitia kwa nani hadi kufika hapa? Nyumba inayouliza swali hilo kwa kila mende na kila konokono haiwezi kuona tabu ikiulizwa lilo hilo kuhusu ukumbi wake wa mbele.

Wapo wanaosema mifupa ingebaki kwetu ingeharibika. Huenda. Lakini Februari 1945 mabomu yalibomoa upande wa mashariki wa makumbusho yale, ukabaki gofu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 2010. Hakuna nchi iliyopewa hati ya usalama wa milele.

Wapo pia wanaosema mjusi ni urithi wa wanadamu wote. Mimi nakubali, na kwa kukubali huko nauliza: mtoto wa Lindi anauona lini urithi wake? Mtoto wa Berlin anapanda treni. Wa kwetu anahitaji pasipoti, viza, na nauli ambayo baba yake hataipata kwa mavuno ya korosho ya misimu mingi. Mali ya wote ambayo ufunguo wake anao mmoja, ni ya mwenye ufunguo.

Sijui kama jitu lile lirudi. Ni zito, ni tete, na kulisafirisha kunaweza kuliumiza. Lakini kuna jambo dogo linalowezekana. Kule machimboni, mifupa mingine ilifungwa ndani ya mianzi iliyosukwa ili isivunjike njiani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, baadhi ya mizigo hiyo ilikuwa bado haijafunguliwa Berlin. Mafundo yake yalifungwa na mikono ya watu wa Lindi. Mzigo mmoja kati ya hiyo urudishwe, ufunguliwe Lindi, na kijana wetu aliyesomea visukuku awe ndiye wa kwanza kuutazama mfupa uliomo. Akiona ni wa mnyama asiyejulikana bado, ampe jina yeye.