Ukweli wa Lini?

Kuna uongo ambao hakuna mtu aliyeusema. Jambo hili limenisumbua tangu nianze kusoma kiraka kimoja cha PostgreSQL, ile hifadhidata ya bure ambayo kampuni nyingi huwekea rekodi zao. Kiraka ni mabadiliko ya msimbo ambayo mtu amependekeza, na yanangoja wengine wayakague. Mradi wenyewe uko wazi, yeyote anaweza kukagua. Hakuna anayeuliza cheti, na hilo kwangu si dogo. Niliacha chuo kabla ya kupata changu.

Ukikitazama juujuu, kiraka chenyewe kinachosha. PostgreSQL haifanyi kazi peke yake. Inategemea maktaba za programu zilizoandikwa na watu wengine: OpenSSL ya kulinda mawasiliano, LZ4 ya kubana data, glibc na ICU za kupanga maneno, LLVM ya kuharakisha maswali mazito. Kiraka kinaongeza jedwali ambalo ukiliuliza linakujibu: natumia toleo hili la hii, toleo lile la ile. Basi. Mtu angeandika "iko poa" na kwenda kulala.

Lakini si uulize kwanza jibu linatoka wapi. Kuna njia mbili. Namba ya toleo inaweza kuandikwa ndani ya programu siku inapojengwa, ikaganda humo. Ama programu inaweza kuiuliza maktaba yenyewe sasa hivi: wewe ni toleo gani? LZ4, kwa mfano, inaruhusu zote mbili. Siku ya kwanza majibu yanafanana. Halafu fundi wa seva anasasisha maktaba, PostgreSQL inawashwa upya bila kujengwa upya, na jibu la kwanza sasa linataja kitu ambacho hakitumiki tena.

Nina shangazi ambaye kila harusi hunitambulisha hivi: "Huyu wetu yuko chuo kikuu." Hadanganyi. Aliambiwa hivyo, na wakati huo ilikuwa kweli. Ndiyo maana ni ngumu kumsahihisha. Ukimkatiza mbele ya watu, ni kama umemwita mwongo.

Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba uongo ni nia. Kama hukukusudia kudanganya, huna deni. Kwa shangazi nakubali, hakuna anayeumia isipokuwa mimi kidogo. Kwa kitu ambacho watu watakitegemea kuamua jambo, sikubali.

Chukua glibc. Mwaka wa 2018 toleo la 2.28 lilibadilisha mpangilio wa maandishi. Kwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, zamani 11 ilitangulia 1-1. Baada ya hapo, 1-1 ikatangulia 11. Kistari tu! Sasa fikiria chama cha akiba chenye namba za uanachama zenye vistari. Faharasa ilipangwa kwa utaratibu wa zamani, programu inatafuta kwa utaratibu mpya, inageukia kushoto pale ilipofaa kwenda kulia, kisha inasema hakuna. Mwanachama yupo, pesa zake zipo, na mhudumu wa kaunta anamwambia, "Mama, sistimu inasema hauko." Mbaya zaidi, namba ambayo haikupaswa kurudiwa inaweza kukubaliwa mara ya pili.

Fundi akiamshwa usiku na kuliuliza jedwali, likampa toleo la siku ya ujenzi, ataiacha glibc na kutafuta kosa kwingine hadi asubuhi. Ataliamini kwa sababu limesema kwa sauti rasmi. Kuna anayeweza kunijibu kwamba fundi mzuri anajua tofauti. Sawa, labda. Lakini huo ni mzigo wa msemaji anaotwishwa msikilizaji, tena saa nane za usiku. Kila safu iseme ilijuaje: niliandikiwa siku ya ujenzi, au nimeuliza sasa.

LLVM ndiyo imenitoa jasho. PostgreSQL huipakia pale tu inapohitajika, kwa sababu ni nzito. Ukitaka kuiuliza toleo lake, lazima kwanza uiamshe, ule kumbukumbu ya seva, ili tu ujibiwe. Je, ukweli una haki ya kugharimu kiasi hicho? Nikiacha nafasi tupu, msomaji ataona tupu na kudhani LLVM haipo kabisa, na hapo kimya chenyewe kimedanganya. Nikitoa jibu lililoganda, tumerudi kwa shangazi.

Nimeandika kwenye ukaguzi wangu kwamba safu ya LLVM ibaki, sehemu ya toleo isijazwe, na pembeni yake pawe na neno moja: haijapakiwa. Anayetaka kujua zaidi aiamshe mwenyewe, akijua gharama. Kwa zile nyingine, nimeomba safu ya chanzo iongezwe. Hadi hapo sijaweka alama ya kukubali.