Kuomba Sahihi ya Aliyestaafu

Je, mtu aliyekwisha kutupa furaha ana deni jingine kwetu? Swali hili huonekana jepesi mpaka lipelekwe kwa mtu mwenye jina na anwani. Namna yake ni hii: mtu humwandikia barua mwanariadha wa zamani, ambaye hajapata kuonana naye maishani, akamwomba atie sahihi kwenye kadi au picha na kuirudisha kwa posta. Huko Ulaya na Marekani wakusanyaji wa sahihi za namna hii ni wengi, nao wana taratibu zao za siku nyingi. Hapa kwetu ni wachache. Mmoja wao ni kijana wa mtaani kwetu Mabibo, ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akiniletea barua zake nizipitie kabla hajazipeleka Posta. Barua hizo, pamoja na jambo lililotokea baadaye, ndizo zilizonifanya nilitafakari swali hili kuliko nilivyotarajia.

Wazee wenzangu, ambao hukaa nao barazani jioni, hawamwelewi kijana huyu. Mmoja wao alisema waziwazi kwamba huko ni kuombaomba kwa kutumia stempu. Mtu amekwisha kukimbia, mkamshangilia, akachoka, akarudi kwake kulima. Sasa mnamfuata hadi nyumbani mkitaka nini tena? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa imesimama juu ya desturi yetu. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika taarabu, aliyeguswa na wimbo huinuka, akajongea mbele taratibu, akamtuza mwimbaji. Katika ngoma, sarafu au noti hubandikwa kwenye paji la uso la mchezaji. Sijapata kumwona mtu akiinuka kitini, akamwendea mwimbaji aliyemliza machozi, akamwomba ampe na kanga yake. Kwetu sisi aliyefurahishwa ndiye anayetoa. Anayeomba sahihi amegeuza mwendo huo: amekwisha kupewa, naye anarudi kuomba nyongeza.

Kabla ya kumhukumu, tutazame kwanza kinachoombwa ni kitu gani. Lugha yetu ina hekima hapa. Jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake mwenyewe tunaliita sahihi, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa jambo lisilo na kosa wala udanganyifu. Katika kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, niliwaona wazee waliozoea kutia dole gumba wakijifunza kuandika majina yao. Wapo walioikodolea macho karatasi kwa muda mrefu baada ya kumaliza herufi ya mwisho, kana kwamba wamekutana na jamaa yao aliyepotea. Tangu hapo siwezi kukubali kwamba jina lililoandikwa kwa mkono ni kitu kidogo. Ni ushahidi kwamba mtu fulani, saa fulani, aliketi, akashika kalamu na kulielekeza jambo hilo kwako. Ndiyo maana wakusanyaji wenye heshima huchukizwa na mashine za kuiga mwandiko, au sahihi zinazotiwa na karani kwa niaba ya bwana wake. Hiyo huwa sahihi isiyo sahihi.

Sasa tumtazame anayeombwa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Rekodi hiyo ya Bayi ilidumu hadi mwaka 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uwanja wenyewe uliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2011, ukabomolewa. Rekodi haipo, na uwanja haupo. Je, kilichobaki kiko wapi?

Seremala akistaafu, milango yake huendelea kufunguka na kufungwa. Mwalimu akistaafu, hukutana na wanafunzi wake ndani ya daladala, mmoja daktari na mwingine kondakta. Mkimbiaji ameacha tarakimu ambazo wengine wamekwisha kuzifuta, na kumbukumbu ambayo imo vichwani mwa watu asiowajua. Hawezi kuitembelea kumbukumbu hiyo wala kujua kama bado ipo. Barua ya mtu wa mbali ndiyo njia moja ya kumpasha habari kwamba ipo. Kwa hiyo nakubaliana na wazee wenzangu kwamba aliyefurahishwa ndiye anayepaswa kutoa. Ila nasema kwamba barua yenyewe inaweza kuwa ndiyo tuzo. Ombi la sahihi ni halali pale tu ambapo barua imetoa kwanza.

Tuzo hiyo ina wakati wake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 Tanzania ilipata medali mbili za fedha: ya Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali za Olimpiki za nchi yetu zilikuwa bado ni hizo mbili. Aliyemshinda Bayi siku ile, Bronislaw Malinowski wa Poland, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1981. Aliyekuwa akijiambia kwamba atamwandikia Malinowski mwaka ujao, hakuwa tena na wa kumwandikia.

Barua ya kwanza aliyoniletea kijana ilikuwa na sentensi mbili. Ilisema kwamba yeye ni shabiki mkubwa, na kwamba anaomba picha tano zenye sahihi. Nilimuuliza, "Huyu bwana unamjua kwa lipi?" Akajibu, "Mwalimu, alikuwa bingwa." Nikamwambia kwamba barua inayoweza kupelekwa kwa mtu yeyote kwa kubadilisha jina tu, haijaandikwa kwa mtu yeyote. Tena, mtu asiyekudai akikupa shibiri usichukue pima. Kadi moja yatosha. Alikwenda akasoma. Aliporudi, barua ilieleza mashindano gani, mzunguko wa ngapi, na kwa nini yeye, mtoto wa Mabibo aliyezaliwa miaka mingi baada ya mbio hizo, alisisimka alipoziona kwenye filamu. Ombi lilikuja mwishoni, kwa mstari mmoja.

Kisha lipo suala la gharama ya kujibu. Ungwana unataka anayeomba aambatishe bahasha yenye anwani yake na stempu. Lakini stempu yetu haifai kitu Finland wala Ujerumani. Kwa sababu hiyo Umoja wa Posta Duniani, katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906, ulibuni kuponi ya kujibia ambayo mpokeaji aliweza kuibadilisha kwa stempu za nchi yake. Kijana wetu hakuwa na kuponi. Basi aliandika kwa uwazi kwamba hana njia ya kulipia jibu, kwamba hatahuzunika asipojibiwa, na kwamba anamtumia stempu mpya chache za Tanzania aziweke kama zawadi. Anwani aliyotoa ni sanduku la posta la ofisi ya mjomba wake, maana kwetu tarishi hagongi mlango wa mtu. Nilipoisoma barua hiyo niliona kwamba sasa mwendo wa taarabu umerudi mahali pake: mwenye kufurahi ameinuka kwa heshima, akatoa alicho nacho.

Akiisha kutoa, lazima akubali kunyimwa. Bill Russell, nyota wa mpira wa kikapu wa Boston Celtics, alijulikana katika siku zake za uchezaji kwa kukataa kutia sahihi. Aliona afadhali kumpa mtu mkono na kuzungumza naye. Muhammad Ali alikuwa kinyume chake, akiwatilia sahihi watu wasiohesabika, hata baada ya mwaka 1984 ilipojulikana kwamba ana maradhi yaliyokuwa yakiitetemesha mikono yake. Wengi humsifu Ali na kumlaumu Russell. Mimi sioni kwamba Russell alimdhulumu mtu. Alichokuwa akidaiwa alikilipa uwanjani. Kama sahihi ni kitu cha hiari, basi kuikataa nako ni hiari. Na hiari ya Russell ndiyo inayoipa thamani hiari ya Ali. Kitu kisichoweza kukataliwa ni kodi.

Hapo ndipo tulipofika kwenye jambo gumu. Mkimbiaji mmoja mstaafu wa ng'ambo alimjibu kijana. Alitia sahihi kwenye kadi na kuongeza mistari mitatu ya shukrani, ila hakuandika jina la kijana. Wakusanyaji wanajua maana ya upungufu huo: kadi isiyo na jina la mpokeaji huuzika kwa urahisi zaidi. Haikupita miezi mingi akatokea mtu aliyeitaka kwa fedha taslimu. Wakati huo dada yake kijana alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano mkoa wa mbali, na nyumbani hapakuwa na fedha ya godoro, sare wala nauli. Alinijia usiku, akanipa shikamoo, akaniuliza, "Mwalimu, nilichopewa si changu?"

Kisheria ni chake, sikumficha. Wala sisemi kwamba sahihi kuuzwa ni haramu. Mwanariadha mwenyewe akiuza sahihi zake, anauza jasho lake, na wengi wao waliondoka uwanjani bila akiba. Ugumu uko kwa aliyepewa bure baada ya kuandika kwamba anaomba kwa mapenzi. Mapenzi hayo ndiyo aliyolipia. Akiiuza kadi, huifanya barua yake ya kwanza kuwa ya uongo baada ya kuwa imekwisha kusomwa na kuaminiwa. Kwa upande wa pili kulikuwa na msichana na shule yake, nami nimetumia maisha yangu yote kuwahimiza wazazi wasimrudishe msichana nyuma kwa sababu ya godoro. Kadi haiwezi kupimwa sawa na mtoto.

Nilimpa kipimo kimoja: jambo usiloweza kumwambia aliyekupa, usilifanye kwa kile alichokupa. Nikamwambia amwandikie mkimbiaji yule, ataje shida na bei, aombe ruhusa. Akijibiwa kwamba auze, auze kwa moyo mweupe. Barua hiyo ilimchukua siku tatu, ilhali ile ya kwanza ya sentensi mbili ilimchukua dakika tano. Aliipeleka Posta. Mnunuzi hakutaka kungoja, akaondoka na fedha zake. Ndugu wa ukoo walichangishana, na msichana alifika shuleni akiwa amechelewa wiki mbili. Jibu la barua ya pili halijafika hadi leo.

Sidai kwamba uaminifu ulilipwa. Aliyelipa ni msichana, kwa wiki mbili za masomo, na bado nasema shauri lile lilikuwa la haki. Kama shida ingetosha kutufungulia kila mlango, basi hakuna ahadi ya maskini ambayo ingeaminiwa, nasi ndio tunaohitaji zaidi kuaminiwa, kwa kuwa mara nyingi neno letu ndilo dhamana pekee tuliyo nayo. Mtu wa ng'ambo aliyepokea barua kutoka sanduku la posta la Dar es Salaam hakuwa na njia ya kututambua isipokuwa kwa maneno yale.

Limebaki moja, nalo latuhusu sote. Mwaka 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, huku mguu wake ulioumia umefungwa bendeji. Mbio hizo zinasimuliwa duniani kote. Akhwari alirudi Mbulu akaishi maisha ya mkulima. Wanariadha wetu wa zamani hawakuwa ng'ambo ya bahari. Walikuwa watu wa kufikiwa kwa basi. Hata hivyo wengi wetu huyatamka majina yao siku ya msiba, wakati mwenye jina hasikii. Nilimwambia kijana hivyo, si kwa kumlaumu. Siku chache baadaye aliniletea barua nyingine niipitie, kwa mkimbiaji wa humu humu nchini. Nilitafuta mstari wa ombi chini, sikuuona. Nikamuuliza kama amesahau. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Hii haina kadi." Nilisahihisha nukta mbili na herufi kubwa moja, nikamrudishia.